Chupa ya Saa Kumi

Zachariah alikuwa na mkono wa kugawa. Chupa ikiwa moja na vikombe vikiwa vingi, yeye hakuhitaji kipimo. Aliinamisha chupa, akafumba jicho moja kama mtu anayelenga jiwe, na kila kikombe kikapata sawa na mwenzake, hata mwenye roho ya kulalamika akakosa pa kuanzia. Alasiri hiyo vikombe vilikuwa vimepangwa juu ya kitambaa alichofuma marehemu mkewe, na wageni wamekaa wakivitazama kwa adabu. Alikuwapo Shem, fundi wa baiskeli aliyepanga chumba cha mwisho katika ploti ya Zachariah ya vyumba vya kupangisha, pale Kabiria. Alikuwapo Kisilu, mzee mwenzake wa kanisani, aliyekuja kuazima nyundo. Na alikuwapo mama muuza mboga, ambaye aliomba maji tu akaambiwa, maji ya nini na kitu kitamu kipo?

"Hii soda ni ya kampuni gani?" Shem aliuliza.

"Si soda. Ni kitu ya utafiti. Lakini kwa utamu soda haioni ndani. Tuombe."

Wakaomba. Amina ilikuwa bado iko midomoni pazia la mlango liliposogezwa, na Nanjala akaingia na katoni mikononi. Aliangalia vikombe. Akaangalia chupa yenye kifuniko cheupe iliyolala ubavu mezani, tupu. Kisha akamwangalia Zachariah, na uso ukamshuka.

"Guka," alisema polepole, akimwita babu kama ploti nzima ilivyomwita, "hiyo ni chupa yangu?"

"Ndiyo yako, mami. Karibu! Ungepiga kelele kidogo ningekubakishia. Shem, mpe yako, hujaonja bado."

Shem alivuta kikombe kifuani. "Nimeonja, Guka. Nimeweka ulimi."

"Huwa mnakunywa hivi kila siku?"

"Kila siku kukiwa na mtu. Na hapa kwangu mtu akose aende wapi? Jumapili hata pasta alionja, akabariki masomo yako."

Nanjala alikaa kwenye kigoda cha karibu na mlango, katoni juu ya magoti. Hakulia. Afadhali angelia, maana Zachariah alijua la kumfanyia mtu anayelia. Huyu alikaa tu, akitazama vikombe vikimalizika kimoja baada ya kingine, na wageni nao, kwa kuona hewa imebadilika, wakanywa haraka haraka wakaaga.

Sasa, huyu Nanjala hakuwa binti yake wala mjukuu wake. Alikuwa mpangaji, mtoto wa watu wa Bungoma, aliyekuja na godoro na maboksi ya vitabu kusoma mambo ya vyakula katika chuo kikuu. Alipanga chumba kilichopakana na ukuta wa Zachariah, na kwa muda hawakujuana zaidi ya habari ya asubuhi. Halafu Wahu, mke wa Zachariah, akaanguka kitandani. Miguu ilimvimba ikawa kama si yake. Wana walikuwa mbali kikazi, na mmoja wao, Kibe, na mkewe Waringa walifika wikendi wakiwa wamechoka. Jioni moja Nanjala alisikia yule mama akigumia ng'ambo ya ukuta. Akaja na karai la maji ya moto, akapiga magoti, akaiosha ile miguu na kuipaka mafuta, huku akiimba nyimbo za kwao ambazo Wahu hakuelewa hata neno. Kesho yake akaja tena. Akaja hivyo mpaka mwisho, kila jioni kabla hajafungua kitabu.

"Huyu msichana," Wahu alimwambia mumewe, "mkono wake hauna haraka."

Baada ya mazishi, Zachariah alibaki na asante kubwa asiyojua pa kuitua. Alimpelekea Nanjala kuku, na jioni akaletewa nusu ya kuku yule yule, amepikwa, na ugali juu. Akampelekea viazi, vikarudi vimepondwa kuwa mukimo. Maskini akaona huyu mtoto hapewi kitu kikakaa. Kwa hiyo siku Nanjala aliposema kwamba anatafuta wazee wenye afya wa kumsaidia katika utafiti wake, Zachariah hakumwacha amalize. Alisimama pale pale akavaa koti.

Walienda pamoja hadi mjini, kwenye maabara ya chuo, mahali pa meza ndefu na vijana waliovaa makoti meupe. Nanjala alifungua mtungi, akachota kwa kijiko kitu kizito, kisicho na rangi kama glasi, kinachovutika kama gundi ya seremala.

"Hii ni sirapu, Guka. Imetoka kwa mahindi."

"Mahindi gani?"

"Mahindi tu. Haya ya ugali. Wanachukua ule unga wake mweupe, wanauvunjavunja na dawa mpaka unakuwa sukari. Halafu sehemu ya hiyo sukari wanaigeuza iwe kama ile ya matunda. Inaitwa fruktosi. Hiyo ndiyo ina utamu mwingi."

Zachariah alishika kile kijiko akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Mahindi alikuwa ameyajua tangu anazaliwa. Ameyapanda, ameyachoma, ameyachemsha na maharagwe yakawa githeri, ameyasaga, mabua yake amewapa ng'ombe na magunzi akawashia moto. Hakujua kwamba miaka hiyo yote mahindi yalikuwa yanamficha jambo.

"Na inatumika wapi?"

"Ng'ambo, kila mahali. Kwa soda, kwa biskuti, kwa mkate ukae laini, hata kwa sosi ya nyanya. Haigandi kama sukari, na kuimwaga kwa mashine ni rahisi. Sasa wasomi wanabishana. Wengine wanasema inajaza mafuta kwa damu na kwa maini kuliko sukari ya miwa. Wengine wanasema hakuna tofauti, shida ni watu kunywa mingi. Lakini wote wamepima watu wa huko kwao. Hakuna mtu amekuja kuuliza damu ya mtu wa Kabiria, mtu wa githeri na chai ya kupika. Na hii kitu imeanza kuingia kwa biskuti za hapa."

"Kwa hivyo unataka kuniuliza mimi."

"Damu yako, Guka. Ndiyo itajibu."

Zachariah, aliyeacha shule kabla hajajua kugawanya kwa mafungu, alirudi nyumbani kifua kimejaa. Yeye, mpaka rangi wa zamani wa nyumba za mtaa wa Jamhuri, damu yake ilikuwa na neno la kuwaambia wasomi! Masharti aliyapokea yote. Kila siku saa kumi ya alasiri, chupa moja. Kwanza zenye kifuniko cheupe, halafu apumzike, halafu zenye kifuniko chekundu. Moja ina sirapu, nyingine ina sukari ya miwa, na ipi ni ipi hata Nanjala mwenyewe hakuambiwa, anajua mwalimu wake tu. Chai inywewe bila sukari. Na kila baada ya muda aende kliniki ya Jamhuri akatolewe damu.

Kwamba chupa ni yake peke yake, aliambiwa pia, tena zaidi ya mara moja. Lakini Zachariah alidhani hilo ni sharti la siku ambayo mtu hana mgeni, kama vile mtoto anavyoambiwa amalize sahani yake. Mgeni akiingia, si sahani imekuwa nyingine?

Ndipo sasa wageni wakaondoka, wakabaki wawili, na vikombe.

"Majibu ya damu yako yalirudi, Guka," Nanjala alisema. "Ni kama ya mtu amekuwa akinywa maji. Mwalimu alinipigia simu akaniuliza kama kweli hizo chupa zinafika kwa watu. Nikaapa. Nikasema huyu mzee namjua mimi."

Zachariah alianza kukusanya vikombe.

"Wazee wengine wameniachia njiani. Mmoja ameugua, mwingine amehamia kwa mtoto wake Nakuru. Wewe ukitoka, hatutoshi, na kazi yote inaanguka. Mwalimu amekubali nirudie na mtu mmoja, mara moja. Chupa zimebaki za kutosha hiyo tu. Chuo kinataka karatasi kabla ya Krismasi. Ikikosa..." Alipangusa katoni kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi. "Ikikosa narudi nyumbani hivi hivi."

"Siku moja ikiruka?"

"Imeruka yote."

"Basi tunarudia. Hiyo ni maneno kidogo."

"Guka, itabidi unywe peke yako. Hata kukiwa na mtu. Hata huyo mtu akiwa anakuangalia."

Zachariah alicheka. Akamwangalia vizuri, akaona mwenzake hacheki, akaacha.

Ndugu msomaji, labda wewe umekulia mahali mtu hufungua chupa yake barazani akanywa, na dunia ikaendelea. Zachariah hakukulia huko. Katika maisha yake yote alikuwa hajameza kitu kitamu mbele ya macho ya mtu asiye na kitu mkononi. Siku ya kwanza ya marudio, saa kumi ilipogonga, alijifungia chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akashika chupa. Sebuleni alimsikia Shem akikohoa. Alipiga funda la kwanza na koo likakataa. Utamu ulikuwa ule ule, lakini ulipita kama chakula cha kuiba. Alimaliza akitoka jasho, kisha akakaa na chupa tupu, akiona haya kutoka.

Habari zikatembea. Alieleza, lakini maelezo hayakumfaa.

"Utafiti gani wa kunyima watu?" Kisilu aliuliza, akarudisha ile nyundo akiwa amesimama mlangoni, akakataa kukaa.

Shem naye alimtania kwa sauti ya kusikika ploti nzima. "Guka siku hizi ni kama ng'ombe ya maonyesho! Anakula kwake, anakunywa kwake, anangoja kuvalishwa utepe!" Watu wakacheka, na Zachariah akacheka pia, lakini ndani iliuma. Mama wa mboga akaanza kuomba maji nyumba ya pili.

Nanjala aliyaona hayo. Jioni moja alimkuta amekaa peke yake barazani, viti vimeachwa wazi.

"Guka, kama imekuwa nzito, sema. Sitakasirika."

"Nani amesema ni nzito?"

"Umekonda uso."

"Uso ni wangu. Wewe enda kasome."

Ukweli ni kwamba ilikuwa nzito kuliko ngazi zote alizowahi kubeba akipaka rangi. Kutoa alikujua, mkono ulikwenda wenyewe. Alidhani shukrani ndiyo hiyo, mkono kwenda mbele, na ndiyo maana alikuwa akihangaika na kuku na viazi. Sasa alikuwa anadaiwa shukrani ya namna nyingine, ya kufunga mlango, na kuitwa mchoyo na watu aliowapenda, na kutojitetea. Akakumbuka Wahu, jinsi zile jioni za mwanzo alivyokuwa akivuta miguu yake kutoka kwenye karai. "Na wewe, mami, nani atakuosha yako?" alikuwa akimuuliza Nanjala, macho yamejaa aibu. Ilimchukua muda Wahu kutulia na kuacha miguu yake ioshwe. Zachariah aliyatazama yale yote kwa macho, na hakuona kwamba mke wake alikuwa anafanya kazi.

Tangu alipolitambua hilo, koo lilianza kulegea kidogo. Akawa anakunywa bila haraka, akimtaja mtu katika kila funda. Alimtaja Wahu. Alimtaja mama yake Nanjala, asiyemjua, aliyemlea binti akawa hivyo. Alimtaja hata Shem, kwa sababu kijana anayekutania hajakutupa. Siku nyingine alijikuta ameshukuru kwa ajili ya punje ya mahindi, maana ulikuwa mwaka ule wa ukame wa elfu mbili na tisa ambapo unga ulikuwa umeadimika madukani, na yeye amekaa kitandani anayanywa, kama ni mahindi kweli na si miwa. Chupa nyeupe zikaisha. Akapumzika. Nyekundu nazo zikaanza, zikapungua, hadi ikabaki moja.

Ilikuwa Jumamosi. Aliitoa ile chupa ya mwisho mapema, akaiweka mezani, akaitazama kama mtu anayemuaga mgeni msumbufu aliyezoeleka. Saa kumi ilikuwa inakaribia alipousikia mlango ukibishwa, si ubishaji wa Shem. Akafungua. Nje alisimama Milcah, mama yake Waringa, amefika kutoka Mutuini na kitambaa cheupe cha Woman's Guild, chama cha akina mama wa kanisa, kichwani na kikapu cha parachichi mkononi. Mkwe! Tena mkwe ambaye hakuwa amekanyaga nyumba hiyo tangu mazishi.

"Baba Kibe, hujambo? Nilikuwa Kawangware kwa mkutano, nikasema siwezi kupita mlango wako kama mgeni."

"Sijambo, Mama Waringa. Ingia, ingia. Haiya! Kaa hapa, hiki ndicho kiti kizuri."

Alimkaribisha akapapatika jikoni kuinjika chai. Ndipo alipokumbuka. Nyumba haikuwa na sukari. Tangu utafiti uanze hakuwa ameingiza hata kijiko. Waringa alikuwa kwake, wapangaji walikuwa kwenye shughuli zao, na kumwacha mkwe peke yake akimbilie dukani haikuwezekana. Akamimina chai hivyo hivyo, akamletea.

Milcah alionja. Kikombe kikarudi mezani polepole, kwa heshima zote, kikakaa. Macho yake yalitua kwenye chupa yenye kifuniko chekundu.

"Chai ni nzuri," alisema. "Ya watu wa hospitali."

"Sukari imeisha, Mama Waringa. Nisamehe."

"Si neno." Akainua kidevu kuelekea mezani. "Na hiyo?"

"Hiyo..." Zachariah alitazama saa ya ukutani. Akaona mshale umefika. Kwenda chumbani akafunge mlango, mkwe akiwa amekaa mbele ya chai chungu, kungekuwa kumfukuza. Kunywa mbele yake kulikuwa kubaya zaidi. Na kuacha... Akilini akamwona Nanjala na godoro lake na maboksi, akipanda gari la Bungoma. "Hiyo ni yangu."

"Yako."

"Yangu peke yangu. Siwezi kukugawia, Mama Waringa. Hata tone. Na lazima niinywe sasa hivi."

Nyusi za Milcah zilipanda mpaka zikagusa kitambaa. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kusikia maneno ya aina hiyo kati ya watu waliooziana watoto. Zachariah akamweleza yote: sirapu, damu, vikombe vya mwanzo, katoni, Krismasi. Alieleza vibaya, maneno yakigongana, jasho likimtoka.

"Huyo msichana ni nani wako?" Milcah aliuliza alipomaliza.

"Mpangaji."

"Ni wa kwetu?"

"Ni wa Bungoma. Ndiye alikuwa anaosha miguu ya Wahu."

Milcah akatazama kile kitambaa cha mezani, akapitisha kidole kwenye ua lililofumwa pembeni.

"Ndiye yule alilia kule nyuma kaburini? Yule hakujua asimame na akina nani?"

"Ndiye."

Milcah akainuka. Zachariah naye akainuka, akinyoosha mkono kuchukua kikapu amsindikize. Lakini mkwe wake hakukigusa kikapu. Alishika kiti kwa mikono miwili, akakigeuza kikaelekea mlango, akakaa tena, akatandaza sketi yake vizuri. Mgongo wake mpana ukawa upande wa Zachariah.

"Kunywa," alisema. "Mimi sikuoni."

"Mama Waringa..."

"Nimesema sikuoni. Saa imefika, au haijafika?"

Zachariah akafungua kifuniko. Milcah, bila kugeuka, akaanza kuzungumza kwa sauti, ili asisikie mtu akimeza. Akasimulia habari za Mutuini, kwamba nyasi za ng'ombe zimekwisha, kwamba jirani amekata shamba la napia akajenga nyumba za kupangisha, ghorofa, na sasa mtu wa juu anamwona yeye akikama. Akaulizia mvua na akajijibu mwenyewe. Nyuma yake funda likashuka, na jingine likakwama nusu ya njia.

Pazia likasogezwa. Kichwa cha Shem kikachungulia, kikakutana uso kwa uso na mama mkubwa aliyeketi akiutazama mlango kama askari.

"Shikamoo, mama. Guka yuko?"

"Yuko."

"Naweza kuingia?"

"Ngoja hapo nje. Mzee ako kazini."

Shem alijaribu kuchungulia juu ya bega lake. Milcah akainua bega.

"Kazi gani na leo ni Jumamosi?"

Milcah alifikiri kidogo.

"Ile ngumu," alisema, akalivuta pazia likafunga. Nyuma yake Zachariah akainua chupa tena, na safari hii koo likafunguka.